Bwana Mifugo Aondoka na Ng'ombe Wake

Uongozi wa chuo, baada ya kushauriana na idara zote zinazohusika na zisizohusika, unapenda kuutangazia umma kwamba kuanzia saa kumi jioni ya Jumatano, tarehe thelathini mwezi huu, hakuna mgonjwa wa kifua atakayelazimika tena kusema "ng'ombe" ndani ya Chumba cha Mafunzo Namba Mbili. Atakayependa kuendelea kulisema ataruhusiwa, ila kwa hiari yake na bila kulaumu chuo.

Saa hiyo ndipo Mkufunzi Mkuu wa Uchunguzi wa Kifua atakapokabidhi ufunguo wa chumba hicho baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Wengi wetu tunamjua kwa jina la Bwana Mifugo, na wageni humdhania mganga wa wanyama. Hajawahi kuwa. Aliajiriwa kuwafundisha matabibu jinsi ya kutambua maradhi ya mapafu kwa macho, mikono na masikio, naye amefanya hivyo kwa uaminifu, hata kwa watu ambao hawakuja kupimwa. Ukikaa naye kwenye benchi la chai, alikuwa anakutazama shingo. Mfadhili mmoja aliyekuja kukagua majengo aliondoka na barua ya rufaa.

Alifika hapa akiwa kijana mwembamba, shati la mikono mirefu, stetoskopu imefungwa plasta mahali ilipopasuka. Akapewa chumba ambacho hakuna aliyekitaka. Upande mmoja kimepakana na wodi ya kifua, upande wa pili na jiko la hospitali, kwa hiyo sauti ya pafu ilibidi ishindane na sauti ya masufuria. Kuna kundi zima la matabibu waliohitimu wakiamini kwamba pafu la kushoto hulia kama chuma ifikapo saa nne, mpaka ilipogundulika kuwa huo ni wakati mpishi anapokwangua ukoko. Mtu mwingine angelalamika akahamishwa. Yeye alilalamika, akahamishwa, akarudi mwenyewe baada ya wiki moja, akisema kule alikopelekwa kulikuwa na ukimya mwingi na wanafunzi walikuwa wanasinzia.

Somo lake lilikuwa na hatua nne, na ole wake aliyeruka moja: tazama, papasa, gonga, sikiliza. Hatua ya kutazama peke yake ilikula wiki tatu za muhula. Katika wiki hizo stetoskopu zote zilikusanywa mlangoni na kutiwa ndani ya ndoo, kama visu vya watu wanaoingia mahakamani. Aliwaambia vijana kwamba kifaa kile humsaidia aliyekwisha kuona, asiyeona humdanganya. Basi wakakaa wakitazama. Je, mgonjwa amelala, au ameketi akainamia magoti? Mabega yanapanda kila anapovuta pumzi? Pua zinatanuka? Kifua kinafunguka sawa pande zote mbili, au upande mmoja umegoma? Na je, anamaliza sentensi, au anaikata vipande vipande kama anayegawa mkate mdogo kwa watu wengi?

Kugonga alikufundisha kwa madumu mawili ya plastiki, moja tupu, moja limejaa maji nusu. Pafu lenye hewa hulia kama dumu tupu. Penye maji, sauti hufa. Ukigonga kuanzia juu kushuka chini, utajua maji yameishia wapi bila kufungua kifuniko. Mabinti na vijana walirudi mabwenini wakigonga kila kitu, kuta, meza, migongo ya wenzao waliolala. Mlezi wa bweni aliandika malalamiko. Bwana Mifugo alimjibu kwa maandishi kwamba ukuta wa mashariki wa bweni lake una unyevu, na ikawa kweli.

Hatua ya pili, papasa, ndiyo iliyomletea jina. Aliyepita chuo cha afya anajua: unaweka viganja mgongoni mwa mgonjwa, unamwambia atamke neno, na mtikisiko wa sauti yake unakufikia mkononi. Ukihisi upande mmoja unatikisika na mwingine umenyamaza, kuna jambo. Neno tulilorithi ni "tisini na tisa". Vitabu vinasema hivyo, na walioviandika hawakuwa wakikifikiria Kiswahili. Bwana Mifugo, akiwa na mwaka mmoja tu kazini na bila kuombwa na mtu yeyote, aligundua kuwa "tisini na tisa" yetu huishia kwenye meno. Inapiga mluzi mdomoni, inatoka nje, haishuki mbavuni hata kusalimia. Mwanafunzi anashika mgongo, anangoja, anakuta kimya kulia na kushoto, anaandika kwamba mgonjwa ana mapafu mawili mabovu. Kwa takwimu za miaka ile, nusu ya mji ilikuwa mahututi.

Akaanza kutafuta neno lenye kishindo. Alijaribu "mama". Lilitikisa vizuri mno, ila wagonjwa wengi waliishia kulia, na kifua kinacholia hakipimiki. Alijaribu "ngoma". Lilitikisa hata zaidi, lakini mitaani neno hilo ni jina la UKIMWI, na watu waliokuja na kikohozi walidhani wanasomewa majibu ya damu. Alijaribu "gogo"; mgonjwa wa kwanza aliuliza kama ni yeye anayesemwa. Mwishoni akatua kwenye "ng'ombe", na hapo sayansi ikapumzika. Lijaribu, msomaji, hapo hapo ulipo, kiganja kikiwa kifuani, na usimjali aliyekaa kando yako. Ile ng' huanzia puani, hushuka kooni, kisha hupita mbavu moja moja kama mgeni anayetafuta chumba alichoelekezwa.

Neno bora kwa mbavu si lazima liwe bora kwa watu. Siku alipompima mama mkwe wake, aliyekuwa na kikohozi cha wiki mbili, alimwekea viganja mgongoni na kumwambia kwa adabu zote, "Mama, sema ng'ombe." Bibi yule aligeuka taratibu, akavuta shuka lake, akasema, "Baba, miaka yote hii nilikuwa nangoja siku utakayolitoa." Ilichukua muda kupatana. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Sifa zikavuka ukuta wa hospitali. Mfugaji mmoja alipanga foleni tangu alfajiri na ndama anayekohoa, akiwa amesikia kwa watu kwamba Bwana Mifugo anapatikana mlango wa pili baada ya jiko. Mkufunzi wetu hakumfukuza. Alimtazama ndama, akampapasa, akamgonga, akamsikiliza, kisha akawaeleza wanafunzi kwamba mgonjwa hakutoa ushirikiano kwenye hatua ya pili, ingawa neno lilikuwa la kwao. Ndama akapona mwenyewe. Tangu siku hiyo mfugaji yule hamwamini daktari mwingine, na familia yake yote, ya miguu miwili na ya minne, huletwa hapa.

Haiwezekani kumuaga mtu huyu bila kumtaja Sista Mkuu wa wodi ya kifua, ambaye amekuwa mpinzani wake rasmi kwa sehemu kubwa ya utumishi wao. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ulirudiwa kila wiki kama kipindi cha redio: kuazima wagonjwa. Bwana Mifugo alikuwa anaingia wodini na kiti cha magurudumu, anapita vitanda akimchagua mgonjwa mwenye dalili nzuri kama anayechagua tikiti maji sokoni, yaani kwa kumgonga, kisha anaondoka naye kwenda kufundishia. Kuchukua hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudisha. Mgonjwa anatoka wodini asubuhi, anarudi mchana amesema ng'ombe mpaka sauti imekauka.

"Mwalimu, mgonjwa si kitabu cha maktaba," Sista alimwambia siku moja mbele za watu.

"Kweli kabisa, Sista. Kitabu hakiulizi chakula kiko wapi."

Basi hapo siku inakuwa imefunguliwa rasmi.

Sista alipokataa kuazimisha, Bwana Mifugo aliigiza mwenyewe. Hapa inabidi tuseme ukweli, maana tunaagana, hatuposani: mwalimu wetu hakuwa na kipaji cha kuigiza. Pumu yake ilikuwa birika linalochemka. Nimonia yake ilikuwa mzee aliyekasirika. Alipoigiza mtu aliyepaliwa, kijana mmoja alisimama akampa leso apenge. Lakini aliigiza kila alipokosa mgonjwa, kwa moyo wake wote, akiinamia magoti na kupandisha mabega, na wanafunzi wakazoea kanuni isiyoandikwa ya Chumba Namba Mbili: mwalimu akianza kuhema, toa kalamu.

Kanuni hiyo ilitaka kutuandikisha wasifu huu mwaka mmoja mapema, kwenye karatasi yenye mstari mweusi pembeni.

Mwaka jana, katika muhula wa pili, idara nzima ya wataalamu wa kutambua dalili za kifua iliishi na dalili za kifua kwa zaidi ya miezi miwili, ikazipenda. Kwanza Bwana Mifugo alianza kuwa msomaji. Kila asubuhi, akipanda ule mwinuko wa kutoka lango kuu, alisimama mbele ya ubao wa matangazo, mkono ukutani, akasoma kwa muda mrefu. Ubao ule una tangazo moja tu, la paka aliyepotea, na paka mwenyewe alikwisha kurudi akazaa. Tukasema umri unamletea utulivu. Kisha akaanza kuongea kwa vituo. Maneno matatu, kimya. Maneno matatu mengine, kimya. Mkuu wa chuo alivutiwa sana, akatuasa kikaoni tuige mfano huo, kwamba mtu mwenye hekima haukimbilii mwisho wa sentensi. Akaacha kufundisha akiwa amesimama. Tukasema sasa amekuwa mkufunzi mkuu kweli. Akakonda, tukampongeza na kumuuliza anakula nini.

Aliyeona kitu ni mkewe, mwalimu wa chekechea, mtu asiye na cheti chochote cha kifua. Alifika ofisini kwetu kuuliza kama stoo ina mito ya ziada, kwa sababu mumewe sasa hawezi kulala ila ameegemezwa mito minne, karibu ameketi. Tulimjibu kwa ukarimu kwamba mito imekwisha. Akasema basi mwambieni akapimwe, mimi hanisikii. Alikuwa amemsihi wiki nzima, na jibu alilopewa limebaki kuwa msemo nyumbani kwao hadi leo:

"Nani anipime? Wote hao nimewafundisha mimi."

Ukiisikia kwa haraka, sentensi hiyo ina majivuno. Ukiirudia polepole, ni mtu anayejihukumu. Miaka yote hiyo anatengeneza mikono ya watu, anaituma kila upande wa nchi ikashike migongo ya wagonjwa, halafu mgongo wake ulipohitaji mkono, hauoni hata mmoja wa kuuamini. Mkewe alimwambia jambo hilo hilo kwa ufupi zaidi: "Basi ulikuwa hufundishi. Ulikuwa unaimba." Siku hiyo hawakusemeshana, jambo ambalo kwa mtu mwenye pumzi kama zake lilikuwa nafuu.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa majaribio wa vitendo. Sista alikuwa amekubali kuazimisha mgonjwa mmoja, fundi viatu mzee mwenye mkamba wa siku nyingi, kwa masharti ya kurudishwa mapema. Fundi aliketi juu ya kitanda cha mafunzo akingoja zamu yake. Wanafunzi walijipanga nusu duara. Bwana Mifugo alikuwa kwenye kiti cha mbele, ameanza kueleza utaratibu wa mtihani, na katikati ya maelezo akainama, akashika magoti, mabega yakaanza kupanda na kushuka.

Kalamu zote zikatoka.

Darasa lilifanya kama lilivyofundishwa, na lilifanya vizuri mno. Kiranja, binti mwenye sauti ya kengele, alisimama na kuanza: "Mgonjwa ameketi, ameinama mbele, mikono magotini. Misuli ya shingo inatumika. Pua zinatanuka." Kijana mmoja akaongeza kwamba midomo inageuka rangi. Wa tatu akasema upande wa kulia wa kifua haufunguki sawa na wa kushoto. Ulikuwa uchunguzi wa hali ya juu, na wenzake walimpigia makofi. Mwalimu akainua mkono. Wakadhani anaomba utulivu, wakatulia. "Si mai..." alisema, akavuta pumzi, "si mai..." Alitaka kusema si maigizo. Kiranja akawageukia wenzake kwa furaha: "Hawezi kumaliza neno. Hiyo ni dalili ya hatari, iandikeni, ina alama mbili."

Fundi viatu alikuwa amejisogeza hadi ukingoni mwa kitanda ili kumpisha mwalimu nafasi ya kulala. Akaambiwa mzee, tulia, zamu yako inakuja.

Ndipo Sista Mkuu akaingia, bila kubisha, kuja kudai mgonjwa wake kabla hata hajacheleweshwa, kwa kuwa alikuwa anamjua mtu wake. Karipio lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Hakulitoa. Alimtazama Bwana Mifugo kwa muda wa pumzi mbili, tena pumzi zake mwenyewe, si za yule.

"Leteni kiti cha magurudumu," alisema. "Huyu hajawahi kuigiza vizuri hivi."

Wahakiki wa maigizo wamewahi kusifiwa kwa mengi, lakini kuokoa maisha ya mtu kwa uhakiki wa sentensi moja nadhani hilo limefanyika hapa kwanza. Alikuwa amevumilia zile pumu na nimonia za uongo kwa miaka mingi hivi kwamba dalili ya kweli ilimpiga usoni. Walimvusha ule mlango wa wodi, wakamwekea oksijeni, wakamwita daktari wa zamu.

Daktari wa zamu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na si katika wale aliokuwa akiwasifu. Alimfelisha mara mbili somo la kugonga, kwa maelezo kwamba anagonga kifua cha mtu kama anayebisha hodi ukweni. Jina la Daktari Hodi alimpa yeye, na limemganda kama kupe. Ni daktari wa heshima sasa, ana wagonjwa wanaomngoja kuanzia mlangoni hadi barabarani, lakini alipofunua shati la mwalimu wake alipiga hodi. Tuliokuwa mlangoni tulisikia. Akaweka viganja mgongoni, na hofu ikamrudisha moja kwa moja kwenye vitabu.

"Mwalimu, sema tisini na tisa."

Bwana Mifugo alikuwa amebakiwa na pumzi za kubania, na mtu mwenye akili timamu angezitunza. Alitumia moja.

"Ng'ombe," alisema.

Upande wa kushoto ulitikisika. Upande wa kulia haukupata salamu. Daktari Hodi akaanza kugonga kuanzia juu: dumu tupu, dumu tupu, kisha kabla ya kufika katikati ya mgongo sauti ikafa, ikabaki imekufa mpaka chini.

"Rudia," alisema mwalimu kupitia barakoa ya oksijeni. "Pole... pole."

"Mwalimu," alijibu Daktari Hodi bila kuinua macho, "nyamaza nikusikilize."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo ndani ya majengo haya. Hata mkuu wa chuo hukohoa kwanza. Bwana Mifugo akanyamaza. Daktari Hodi akarudia kugonga, kwa utaratibu wake mwenyewe. Akachora mstari wa kalamu pale sauti ilipobadilika. Picha ya kifua ilipotoka baadaye, maji yalikuwa yameishia kwenye mstari ule ule. Yalitolewa kwa sindano siku hiyo hiyo, rangi ya chai hafifu, chupa ikajaa ikaletwa nyingine. Mwalimu aliitazama ile ya kwanza kwa muda, kisha akavuta pumzi mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya tangu muhula uanze. Mkewe, aliyekwisha kufika, alisema kwa niaba yake. Aliyoyasema hatutayaandika hapa.

Kilikuwa kifua kikuu, kimejificha kwenye utando wa pafu. Alikipata kazini, kwa dalili zote, maana hajawahi kukaa mbali na mtu anayekohoa. Kina dawa, nazo ni za miezi sita, na alizimeza zote mbele ya Sista Mkuu, ambaye alimkagua hadi chini ya ulimi kama mtoto wa chekechea. Katika wiki ya pili, alipoanza kupata nguvu na hakuwa tena wa kumwambukiza mtu, Sista mwenyewe alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi Chumba Namba Mbili akamkabidhi kwa darasa. "Nirudishiwe kabla ya saa sita," alisema, "na asichoshwe." Wanafunzi wakampima mmoja mmoja. Alilalamikia mikono ya baridi, kucha ndefu, na kijana mmoja aliyekuwa akimgonga huku anamwomba radhi. Alisema ng'ombe kwa kila mkono uliomgusa, mpaka akakiri kwamba sasa ameelewa kwa nini watu hawalipendi. Alirudishwa saa saba.

Kiranja alikuwa wa mwisho. Alisimama nyuma ya mgongo ule akashindwa kuweka mikono, akaanza kulia. "Mwanangu," Bwana Mifugo alimwambia bila kugeuka, "uliona kila kitu. Ulikosea kimoja tu, ulidhani nakufundisha." Alama za mtihani ule hazikufutwa, yeye mwenyewe alikataa. Dalili zote zilitajwa sawasawa, alisema, na kiranja ndiye mwenye alama za juu kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kumtazama mtu akifa. Alichofanya ni kuongeza hatua mbele ya zile nne. Ubaoni sasa imeandikwa, kwa mkono wake, juu kabisa: Muulize.

Uongozi nao haukulala. Kiliitwa kikao, kikachukua muda mrefu kuliko ugonjwa. Azimio la kwanza: mkufunzi yeyote anayeigiza dalili avae kibao chenye neno NAIGIZA. Azimio la pili: mkufunzi anayeumwa kweli asivae kibao hicho. Azimio la tatu lilihusu vitafunio vya kikao kijacho. Bwana Mifugo alikivaa kibao kwa utii mkubwa, akasahau kukivua, akaenda nacho kwenye kikao cha bajeti, ambako alitoa hoja nzito kuhusu ukuta wa jiko, na hadi leo hakuna aliyejua aichukulieje.

Mafanikio yake mengine ni ya kawaida kwa mtu wa ngazi yake. Ukienda kituo chochote cha afya, hata kile cha mwisho wa barabara, ukamkuta tabibu anamwambia mgonjwa aseme ng'ombe, usigombe. Huyo amepita kwetu. Mwongozo wake wa uchunguzi haujachapishwa, kwa kuwa mchapishaji aliomba abadilishe neno moja. Hakubadilisha.

Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi, wanafunzi, wodi ya kifua na wale wote ulioazima ukachelewa kuwarudisha, tunakushukuru. Umetufundisha kutazama, na mwaka jana umetufundisha kwamba tulikuwa hatujaanza. Tunakutakia uzee wa pumzi ndefu na ngazi fupi, wajukuu wasiokohoa, na mama mkwe mwenye subira.

Hafla ya kumuaga itafanyika Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa chuo. Kutakuwa na hotuba ya mkuu wa chuo, hotuba ya mgeni rasmi, shukrani za mgeni rasmi kwa hotuba ya mkuu wa chuo, na kukabidhi zawadi ya saa ya ukutani. Mstaafu hatakuwepo. Saa nne hiyo ana miadi ya kupimwa na Daktari Hodi. Kamati ilimwomba asogeze siku, akakataa, na kliniki ya kifua ni Jumatano tu.